Mbwa wa Mara ya Pili

Minobe Tokuji hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuliona mara moja. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka kwa mlango wa mbele akanyoosha kiganja, akarudi ndani, kisha akatoka tena kwa mlango wa nyuma. Maabarani tulimcheka sana, na Sagara Kyohei ndiye aliyekuwa akiongoza kicheko. "Huyu siku akifa," alisema, "ataamka kwanza ahakikishe, ndipo afe tena."

Tuliingia kampuni ya dawa, hapa Osaka, majira yaleyale ya kuchanua maua ya sakura, sisi watatu. Minobe na Sagara walikuwa wakemia wa kuunda dawa. Mimi, Haneda Fusae, nilikuwa wa kupima. Wao waliunda, mimi nikasema kama walichounda ni safi au ni uchafu. Kwetu, walioingia kampuni mwaka mmoja ni kama watu wa jando moja. Mmoja anaweza kuwa bosi na mwingine akabaki kuosha chupa, lakini wakikutana kwenye bia wanaitana kwa majina matupu, na atakayejitia ukubwa atapigwa kofi la kisogo.

Minobe alikuwa mtoto wa mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, katika mji wa Sakai, mkimya, mikono mipana kama makasia. Sagara alizaliwa kwa daktari kule Nishinomiya, na ulimi wake ulikuwa wa asali. Aliweza kumchekesha mlinzi wa lango asubuhi ya theluji. Hawakufanana kwa lolote, na pengine ndiyo sababu hawakuachana. Baba yake Minobe alipopooza upande mmoja, Sagara alikwenda Sakai kila alfajiri, wiki nzima, akabeba ndoo za tofu pamoja na mama mtu, kisha akaja kazini akinuka maharage ya soya, na wala hakutaka tulitaje jambo lile. Minobe alipomwoa Kinuko, aliyesimama kutoa hotuba na kuliza ukumbi mzima alikuwa Sagara. Nayaeleza haya mapema ili asije mtu akasema Sagara alikuwa mbaya tangu mwanzo. Hakuwa hivyo.

Dawa ambayo Minobe aliipa ujana wake ilikuwa ya jongo, ugonjwa unaovimbisha vidole vya miguu na kumkataza mtu bia. Dawa za jongo zilikuwapo, lakini wagonjwa ambao figo zao zilikwisha kuharibika hawakuweza kuzimeza bila kuumia zaidi. Mkuu wetu wa idara, mzee Kuze, alikuwa mmoja wao. Alikuja kazini mguu mmoja na kiatu, mguu mwingine na kandambili, akasimama mlangoni pa maabara akiegemea mwavuli.

"Minobe! Umeshaniponya?"

"Bado, mkuu."

"Fanya haraka basi. Bia yangu inapata moto huko nyumbani."

Kemikali aliyoiunda Minobe baada ya nyingine nyingi kushindwa ilikuwa na namba ndefu inayoishia na saba. Saba kwetu ni *nana*, basi tukaiita Nana, kama mtoto wa kike. Kwenye panya ilifanya vizuri mno. Damu ilisafika, figo hazikulalamika. Sijawahi kumwona Minobe akitembea vile, kama mtu aliyeambiwa mkewe kajifungua.

Halafu wakapewa mbwa, kwa sababu hakuna dawa inayofika kwa binadamu bila kupita kwa wanyama wakubwa kidogo. Mbwa wakaugua maini.

"Turudie," alisema Minobe.

Safari hii hatukumcheka. Mzigo ule wa kwanza ulikuwa umetengenezwa na kiwanda cha nje, kwa kuwa maabara yetu isingeweza kutoa kilo nyingi. Nikaupima upya, nikakuta masalia ya madini ambayo hayakupaswa kuwamo. Minobe akatengeneza mzigo mwingine kwa mikono yake, akauchuja na kuuchuja tena mpaka ukawa fuwele nyeupe kama chumvi ya mezani, nami nikaupima na kuupitisha. Tukaupeleka kwenye kituo cha kupimia wanyama, mkoa mwingine. Majibu yangerudi kwa mkuu wa kitengo chetu, na mkuu wa kitengo wakati ule alikwisha kuwa Sagara.

Ndipo minong'ono ikaanza kwamba tunaunganishwa na kampuni moja ya Tokyo. Kila mtu alikuwa akinong'ona chooni. Kampuni ile nayo ilikuwa na dawa yake ya jongo, iliyokaribia kuuzwa madukani. Sisi wa chini hatukuliona kuwa jambo kubwa. Tulidhani mezani patakuwa na nafasi ya sahani mbili.

Asubuhi ya kikao cha kuamua hatima ya Nana, Minobe alimngoja Sagara ngazini. Hayo alinisimulia mwenyewe, na amenisimulia mara nyingi. Sagara alishuka taratibu akishika ukuta.

"Vipi?"

"Yaleyale, Tokuji. Maini."

"Wote?"

"Wote, ndugu yangu. Pole." Akamwekea mkono begani, akauacha pale.

Minobe, aliyekuwa haamini mvua mpaka ailoweshe mikono yote miwili, hakuomba kuyaona majibu. Aliyemwambia ni Kyohei. Angeombaje?

Kikaoni hakungoja kuulizwa. Alisimama, akainama, akasema, "Dawa hii nimeiunda mimi, na ni mimi ninayesema isiingie mdomoni mwa mtu." Mzee Kuze alitazama kandambili yake. Hakuna aliyepinga. Baadaye Minobe aliandika makala katika jarida la chama cha wakemia, kwa jina lake, kueleza namna Nana ilivyoharibu maini ya mbwa wa kwanza, maana karatasi za mara ya pili hakuwa nazo, ili mkemia mwingine asipotee njia ileile. Wengi huficha walichoshindwa. Yeye alikitangaza. Sagara alimwambia mbele yetu sote, huku akimjazia bia, "Wewe ndiye mkemia wa kweli. Sisi wengine ni wapishi tu."

Muungano ukafanyika mwaka huohuo. Maabara yetu ng'ambo ya mto Yodo ikafungwa, sisi tukaombwa kwa heshima tustaafu mapema. Kuombwa kwa heshima maana yake unainamiwa na watu watatu huku meza yako ikibebwa. Sagara akaenda Tokyo kuwa mkurugenzi wa utafiti.

Kinuko, mke wa Minobe, ana saluni ndogo ya nywele nyuma ya kituo cha treni kule Sakai, na ana mdomo unaolingana na mkasi wake. "Mwenzio kapanda, wewe umeshushwa," alimwambia mumewe mbele ya wateja, "na bado mnakunywa pamoja. Hivi wewe baba watu, una damu au una maji ya tofu?"

"Mtu hupanda akiwa na miguu ya kupandia," alisema Minobe.

"Na wewe una nini, mapezi?"

Wateja wakacheka mpaka vibanio vya nywele vikadondoka.

Minobe akawa akifundisha kemia jioni katika chuo kidogo, kwa vijana waliokuwa wakisinzia baada ya vibarua. Kisha ikaja barua kutoka mfuko wa umma unaogawa ruzuku za utafiti. Walihitaji wahakiki waliowahi kuunda dawa kwa mikono, kwa maana maprofesa wengi wanajua dawa inavyoandikwa, hawajui inavyonuka. Minobe akakubali. Ndivyo alivyoanza kazi iliyokuja kumfaa kuliko zote.

Maombi ya watafiti yalimfikia kwa kasha. Alikaa kuyasoma saluni, kwenye kiti cha pembeni chini ya kofia kubwa ya kukaushia nywele, kwa sababu dirisha la pale lilikuwa na mwanga mzuri. Kwa kuwa maombi yale ni siri, kila mteja alipopita aliyafunika kifuani. "Kinuko," walisema wale kina mama, "mumeo anasoma barua za mchumba." "Mwacheni," alijibu Kinuko, "mchumba wake ana mkia wa kaboni."

Kila ombi alilisoma siku moja, akalisoma tena siku nyingine asubuhi, kwa maana aliamini kwamba mhakiki mwenye njaa au aliyegombana na mkewe si mhakiki. Na waliokataliwa ndio aliowaandikia maoni marefu zaidi. *Jaribio lako la tatu halitakupa jibu kwa sababu hii. Anza na lile dogo. Usikate tamaa, swali lako ni zuri.* Maoni hayawekwi jina, lakini watu wakaanza kuujua mkono wake. Kijana mmoja wa Kyushu alimwambia katika mkutano, bila kujua anazungumza na nani, kwamba kukataliwa na mhakiki yule kulimfaa kuliko kukubaliwa na wengine. Minobe aliniambia habari hiyo huku akijifanya anatafuta miwani.

Miaka ikapita hivyo. Sagara akastaafu, akarudi Nishinomiya, na sisi watatu tukaendelea kukutana kwa vijiti vya nyama ya kukaanga.

Kisha mwaka mmoja mhakiki wa jopo la dawa akashikwa na homa, na mfuko ukampigia Minobe jioni: je, anaweza kuja Tokyo kesho, kushika nafasi yake kwenye usaili? Akapanda treni ya kwanza. Karatasi alizikuta mezani tu, hakuwa amesoma hata moja. Mwombaji wa tatu alikuwa Daktari Niwa Shiori, mwanamke kijana wa kampuni ya watu sita kule Kobe. Aliinama, akabonyeza kitufe, na ukutani ikatokea picha ya kemikali.

Minobe akaijua kabla hajasoma neno. Mzazi humjua mwanawe kwa kisogo sokoni. Ilikuwa Nana.

Akainua mkono. "Mwenyekiti, naomba radhi. Kemikali hii niliiunda mimi. Siruhusiwi kukaa hapa."

Mwenyekiti, Profesa Akutsu, alishukuru, akamwomba atoke. Minobe akakusanya miwani na kalamu. Alikuwa hajafika mlangoni mhakiki mmoja, profesa wa magonjwa ya figo, alipomuuliza yule binti, "Lakini dawa hii si ilikwisha kuonyeshwa kwamba inaua ini? Makala ipo, na mwandishi wake ndiye huyu anayetoka."

"Makala ile inaeleza jaribio la kwanza tu," alisema Niwa. "Lilikuwapo la pili. Tuliponunua haki za dawa hii tulipewa na kumbukumbu zake zote. Mbwa wa mara ya pili walikuwa wazima kabisa, na majibu yalitoka kabla mradi haujasimamishwa. Kwa nini hayakuandikwa, labda mwandishi mwenyewe anajua."

Alisema hivyo akimtazama Minobe usoni, na macho yake hayakuwa na heshima hata chembe.

Minobe alikuwa ameshika kitasa. Kanuni ilimtaka atoke, naye akatoka. Huko nje, aliniambia baadaye, alitia sarafu kwenye mashine ya vinywaji, akachukua mkebe wa chai ya moto, akaushika mpaka ukapoa bila kuufungua. Wakati wa mapumziko mwenyekiti alimfuata.

"Bwana Minobe, siwezi kukueleza tunayoyajadili."

"Sijauliza."

"Lakini nina swali moja kwako kama mwandishi. Makala yako bado unaisimamia?"

"Nipe siku chache," alisema. "Nitakujibu kwa kitu nilichokiona, si nilichoambiwa."

Kesho yake adhuhuri alikwenda Nishinomiya. Sagara alikuwa ukumbini akipangusa fimbo zake za gofu; mkewe akaleta matunda ya persimoni yaliyomenywa, akawaacha. Minobe hakutaja Tokyo, wala ombi, wala binti wa Kobe, kwa sababu hayo yalikuwa siri ya jopo. Aliuliza swali moja tu.

"Kyohei, mbwa wa mara ya pili walikuwaje?"

Kitambaa kikasimama juu ya fimbo.

"Mbwa gani tena, Tokuji? Siku nyingi hizo."

"Unawajua."

Sagara akaweka fimbo chini. Akasema, kwa sauti ambayo Minobe alidai hakuwahi kuisikia kwake, "Walikuwa wazima. Walikula wakamaliza, wakatikisa mikia. Yule mpimaji alinipigia simu, alifurahi kama ni dawa yake yeye."

"Na wewe ukanishika bega."

"Nikakushika bega."

"Kwa nini?"

"Tokyo hawakutaka dawa mbili. Waliniambia, iondoe Nana kimya kimya kabla hatujatia sahihi, na maabara yenu itabaki na watu wake wote. Nikafikiri: dawa moja kwa watu thelathini. Wewe ungefanyaje?"

"Maabara haikubaki."

"Walinidanganya na mimi."

"Ungeisimamisha mwenyewe basi. Ulikuwa mkuu. Kwa nini ulinitumia mimi?"

Hapo Sagara alicheka kidogo, kicheko cha uchungu. "Mimi? Nani angeniamini mimi? Ningesimama mimi, wangeomba majibu, wangemwita mpimaji, Fusae angekuja na mashine zake na mdomo wake. Lakini wewe, Tokuji! Wewe ukisema kitu kimekufa, watu wanavua kofia na kwenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza hata swali moja. Unakumbuka? Hata moja."

Minobe aliniambia kwamba uwongo angeweza kuumeza. Watu hudanganyana, na ndugu hudanganyana zaidi. Lililomchoma lilikuwa hilo: kwamba kile alichokuwa akikilinda maisha yake yote, neno lake, ndicho kilichochukuliwa na kutumiwa, na aliyekichukua alijua thamani yake kuliko mtu mwingine yeyote. Na wagonjwa waliokwisha kufa na maumivu yao, mzee Kuze mmojawao, walikuwa wamemwamini yeye, si Sagara.

"Nitaiondoa makala," alimwambia Sagara. "Nataka twende pamoja kwenye chama cha wakemia, useme ulichokificha. Sitaki kingine."

Sagara akalia. Akamshika Minobe mikono yote miwili. "Nitakuja. Nakuapia kaburi la mama yangu."

"Usiape. Njoo tu."

Siku iliyofuata Minobe alikwenda kwenye kile kituo cha kupimia wanyama, akayasoma majibu ya pili kwa macho yake, mara mbili. Mimi niliitwa niwe shahidi wa yale masalia ya madini. Tulikubaliana kukutana Yodoyabashi, penye ngazi za kutokea treni ya chini ya ardhi, kisha twende ofisini sote watatu. Upepo wa mtoni ulikuwa unakata masikio. Watu walipanda na kushuka. Kila mzee mwenye koti la kijivu Minobe alimnyanyukia.

"Mpigie," nilisema.

"Atakuja."

"Mpigie, juha wewe! Mara ya ngapi hii?"

Akapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga nyumbani, mke wa Sagara akasema mumewe kaenda kucheza gofu na kwamba jana alikuwa na furaha. Minobe akakunja simu, akaitia mfukoni, akanitazama kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. "Twende," akasema.

Ofisini walitupokea maprofesa wawili wa kamati, na nyuso zao zilikuwa zimekwisha kufungwa. Mmoja wao alisafisha koo.

"Bwana Sagara alitupigia simu juzi," alisema. "Ametueleza, kwa masikitiko, kwamba majibu ya pili alikukabidhi mkononi, nawe ukaamua usiyaandike. Alisema ulikuwa umechoka na mradi ule. Ametuomba tusikuchukulie kwa ukali."

Tusikuchukulie kwa ukali! Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. "Mwongo! Mwongo mkubwa, na mtoto wa mwongo! Mimi namjua Sagara tangu—"

"Fusae, kaa," alisema Minobe.

"Sikai!"

"Mama Haneda," alisema profesa, "ulikuwapo walipozungumza ngazini?"

Sikuwapo. Hakukuwa na mtu. Nikaokota kiti, nikakaa.

Minobe aliangalia mikono yake iliyokuwa juu ya meza. Nilijua anatafuta cha kusema ambacho kitakuwa kweli chote. "Siwezi kuthibitisha nilichoambiwa," alisema mwishowe. "Andikeni hivi: makala si sahihi, dawa haikudhuru mbwa wa mara ya pili. Kosa ni langu. Nilisimamisha dawa bila kuyaona majibu kwa macho yangu."

Tulipotoka nilimpigia kelele pale barabarani, watu wakageuka. "Umemsafisha! Umemsafisha mtu aliyekuzika!"

"Sijamsafisha. Nimesema ninachokijua."

"Na yeye je?"

"Yeye anajua alichokisema." Kisha akashika chuma cha daraja. Nilimshika mkono. Hakulia. Alisema tu, polepole, "Juzi, Fusae. Alipiga simu juzi. Nilipokuwa natoka kwake machozi yake yalikuwa bado kwenye mikono yangu, naye akaenda kupiga simu."

Tangazo la kuondolewa kwa makala likachapishwa, jina moja tu ndani yake. Osaka ni mji mkubwa, lakini mtaa wa watu wa dawa ni kijiji. Wakasema Minobe alificha majibu. Wengine wakasema aliuza dawa yake kwa Tokyo, na ndiyo maana mkewe alibadilisha vioo vya saluni. Mfuko wa ruzuku ulimwandikia kumshukuru kwa utumishi wake uliotukuka, na muda wake ulipokwisha haukuongezwa. Hawakusema sababu, na hapakuwa na haja ya kuisema. Kasha la maombi likakoma kuja. Kinuko akakiacha kile kiti cha pembeni kitupu kwa muda mrefu. Mteja akitaka kukikalia, alimwambia kimeharibika.

Ruzuku, hata hivyo, ilitoka. Makala iliyokuwa ikizuia njia ilikuwa imeondolewa, na jopo likaipa Nana nafasi. Siku moja Daktari Niwa akaingia saluni, akasimama katikati ya wanawake wenye rangi kichwani, akauliza kama Mwalimu Minobe yupo.

"Nimesikia maneno mawili yanayopingana," alimwambia Minobe alipotoka chumba cha nyuma. "Moja lako, moja la Bwana Sagara. Sijui nimwamini nani."

"Usimwamini yeyote," alisema Minobe. "Pima."

"Hilo siwezi kulipima, Mwalimu."

"Basi liache. Umekuja kwa hilo tu?"

Alikuwa amekuja kwa lingine. Nana yao ilikuwa ikikataa kuganda kuwa fuwele safi. Ilitoka kama uji. Minobe akauliza wanaipozaje, wanatumia kimiminika gani, nani anaikoroga. Akauliza tena, kwa mpangilio mwingine. Kisha akavua aproni ya saluni aliyokuwa amejifunga, akamwambia Kinuko kwamba anakwenda Kobe.

"Watakulipa?" alipaza sauti Kinuko.

"Chakula cha mchana."

"Basi kula sana!"

Amekuwa akienda huko tangu wakati ule. Fuwele zilitulia. Dawa sasa ina jina jingine na inajaribiwa kwa wagonjwa wa figo katika hospitali kadhaa. Kama itafaa au haitafaa, hakuna ajuaye bado, na ukimuuliza Minobe atakwambia hivyohivyo. Yule binti hamtazami tena kama siku ile ya Tokyo, lakini hajawahi kumwambia kwamba anamwamini. Minobe anasema ni haki yake.

Sagara tulikutana naye mara moja tu baada ya hayo. Kila mwaka wenzetu wote wa mwaka ule, wanaobaki hai, hula pamoja katika ukumbi wa bia, na mwaka huo alikuja, amevaa vizuri, akichekesha meza nzima. Kwetu mtu hajijazii glasi yake. Hujazwa na mwenzake, naye humjazia mwenzake. Sagara alizunguka na chupa, akamjazia huyu, akamjazia yule, mpaka akafika kwa Minobe.

"Tokuji! Miaka mingapi! Lete glasi."

Minobe akaichukua glasi yake, akaigeuza juu chini, akaiweka mezani. Chupa ya Sagara ilikuwa imeinama hewani, povu likimtiririka kidoleni.

"Bado tu?" aliuliza Sagara kwa sauti ndogo.

"Bado."

Sagara akaenda kujaza glasi ya mtu mwingine ambayo ilikuwa imejaa tayari. Aliondoka kabla wali haujaletwa. Wenzetu wakagawanyika; wengine walisema Minobe kamwaibisha mzee mwenzake mbele za watu, na kwamba mambo ya zamani yazikwe. Kila mtu ana yake.

Nilitembea na Minobe mpaka kituoni. Njia nzima alizungumza habari za pampu mpya ya kule Kobe, kwamba inavuja na vijana hawajui kuikaza. Tulipoagana nilimuuliza kama alijisikia vizuri, walau kidogo, kumfanyia Kyohei vile.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa na kiu sana."

Treni yake ikaingia.